Kisu Kisichosubiri Kutumwa

Shangazi alikaa kwenye kigoda jikoni kwangu, fungu la mchicha kwenye kiganja cha kushoto, kisu changu cha Kijapani, cha mji wa Sakai, mkono wa kulia. Akakata mara moja. Akasita. Akakitazama kile kisu kama mgeni aliyeingia ndani bila hodi, akakilaza mezani na kunigeukia.

"Mwanangu, kisu hiki hakisubiri kutumwa. Nipe kile cha siku zote."

Kile cha siku zote ni cha sokoni, mpini wa plastiki, makali yake yamepita kwenye kitako cha kikombe mara nyingi kuliko kwenye nyama. Akakishika, na mchicha ukaanza kumiminika kwenye sinia, mwembamba, sawasawa, wala hautazami, huku akinisimulia harusi ya Muheza na ugomvi wa nani alipewa kanga na nani hakupewa.

Mimi nimesimama pale na kisu changu cha yeni 15,000.

Wanaonijua wanajua jinsi nilivyowachosha na habari za hicho kisu tangu nirudi kozi Osaka. Kila aliyekuja kula kwangu alionyeshwa nyanya ikikatwa. Sasa mtu aliyepika kwa miaka mingi kuliko umri wangu amekijaribu, amekielewa kwa mkato mmoja, na amekikataa. Wala hakusema ni kibaya. Alisema hakisubiri kutumwa.

Wiki kadhaa hizi nimekuwa nikijiuliza kile kisu ni cha nani hasa.

Dole gumba ndilo ubao

Mtazame mtu wa kwetu akikata mchicha, bamia au kitunguu cha kachumbari bila ubao. Mboga iko kiganjani, kisu kinakuja kuelekea kwenye dole gumba, na dole gumba ndilo linalokipokea. Kila mkato unaishia kwenye ngozi. Mara elfu kwa mlo mmoja, na damu haitoki.

Haitoki kwa sababu mkono una akili, sawa. Lakini na kisu nacho kina sehemu yake. Kinatakiwa kiwe kikali cha kupita kwenye jani na butu cha kusimama kwenye ngozi. Kile nilichokuwa nakiita uzembe wa kunoa, kumbe ni kipimo. Ukimpa shangazi kisu kinachopita kwenye jani na kuendelea na safari, hujamsaidia, umemnyang'anya breki.

Kisu cha Kijapani kimezaliwa juu ya ubao. Mezani kwao hakuna kisu, watu wanakula kwa vijiti, kwa hiyo kila kitu lazima kiwe kimeshakatwa ukubwa wa mdomo kabla hakijatoka jikoni. Samaki mbichi wa sashimi hapikwi kabisa. Kazi yote ya mpishi iko kwenye mkato. Kisu butu kinaponda nyama ya samaki badala ya kuipasua, na mlaji anaiona tofauti hiyo kwa macho, uso wa kipande unakuwa na mikwaruzo badala ya kung'aa. Katika jiko la namna hiyo makali hayawezi kuzidi.

Basi swali la kwanza likapata jibu ambalo sikulipenda: shangazi yuko sahihi, na kisu kiko sahihi, ila hawakukusudiwa kukutana.

Ningeweza kuishia hapo na kukirudisha kwenye boksi lake.

Tumbaku

Kilichonizuia ni kumbukumbu ya Sakai kwenyewe. Huu mji umeshikana na Osaka upande wa kusini, unaweza kwenda kwa tramu ya zamani ya Hankai inayopita katikati ya barabara na magari. Wenyeji wanapenda kuanzia historia yao mbali, kwenye makaburi makubwa ya wafalme ya karne ya 5, yale yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2019. Kaburi kubwa kuliko yote lina urefu wa karibu nusu kilomita. Kuchimba na kuinua udongo wa namna ile kulihitaji majembe, na majembe yalihitaji wahunzi.

Lakini kisu cha Sakai kilipata jina kwa kitu cha kawaida zaidi: tumbaku.

Wareno walifika Japani mwaka 1543 na bunduki, Sakai ikawa moja ya miji iliyojua kuzitengeneza. Baadaye ikaja tumbaku, na watu wakazoea kuivuta kwa kiko chenye kichwa kidogo mno, kwa hiyo majani yalipaswa kukatwa membamba sana. Wahunzi wa Sakai wakatengeneza visu vya kazi hiyo, na serikali ya ukoo wa Tokugawa, uliotawala Japani wakati huo, ikavipa muhuri wake wa ubora. Visu vya samaki na mboga vikafuata njia hiyo hiyo. (Wahunzi wengine wakaingia kwenye baiskeli. Shimano, ambayo kila mpenda baiskeli anaijua, ilianzia Sakai mwaka 1921 na bado iko huko.)

Nayasema haya kwa sababu matangazo ya visu hivi hayaachi kutaja samurai, wale wapiganaji wa kale wenye panga. Ni kweli kwamba mwaka 1876 serikali ya mfalme Meiji ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, na mafundi wengi wa panga wakahamia kwenye visu na zana za shamba. Mji wa Seki ulijulikana kwa panga kabla haujajulikana kwa viwanda vya visu. Lakini chuma cha upanga wa Kijapani, kile kinachoyeyushwa kutoka kwenye mchanga wa chuma kwenye tanuri la udongo huko Okuizumo wakati wa baridi, si ndicho kilichomo kwenye kisu changu. Changu kina chuma cha kiwandani, kutoka Yasugi, mkoa huo huo wa Shimane, aina inayoitwa karatasi nyeupe kwa sababu ya rangi ya karatasi inayofungiwa. Kuna na karatasi ya buluu, iliyoongezwa kromiamu na tangsteni.

Hakuna aibu katika hilo. Kisu cha kukatia tumbaku ni babu mzuri tu.

Mikono mitatu

Kwenye karakana niliyoingia sikuruhusiwa kupiga picha, na nashukuru, maana nililazimika kutazama.

Kwanza niseme kuhusu hili neno "kimetengenezwa kwa mkono", ambalo linauza sana. Nyundo niliyoiona ilikuwa ya mashine, inapiga yenyewe kwa mkanda, fundi anakanyaga pedali na kukigeuzageuza chuma chenye moto chini yake. Mkono upo, lakini uko kwenye kugeuza, kwenye kujua lini kuacha. Anayekuuzia hadithi ya mzee mmoja anayepiga nyundo kisu kizima toka asubuhi hadi jioni anakuuzia picha ya kalenda.

Mhunzi anaanza na vyuma viwili. Kimoja laini, ndicho kitakuwa mwili. Kingine kigumu, chenye kaboni zaidi ya asilimia 1, ndicho kitakuwa makali. Anavipasha pamoja hadi vikubali kushikana kwa kupigwa, bila waya wa kuchomelea. Ndiyo maana ukikitazama kisu changu kwa karibu unaona mstari wa mawimbi ukitembea sambamba na makali: juu yake kijivu kilichofifia, chini yake kinang'aa. Hapo ndipo laini inaishia na ngumu inaanzia.

Kazi ya hatari ni ya mwisho. Kisu kinapakwa tope, tope linakauka, kinarudi kwenye moto, na taa zinapunguzwa ili fundi aone rangi. Karibu nyuzi 800 hivi. Hakuna kipimo mkononi, ni jicho na ule mwekundu. Halafu anakitosa majini. Tope linasaidia joto litoke sawasawa. Bila hivyo chuma kinaweza kupinda au kupasuka, na kazi yote imekwenda. Kikitoka kinapashwa tena moto mdogo ili kisiwe kigumu kama kioo.

Na hapo mhunzi amemaliza. Anakitoa kikiwa cheusi, kinene, hakikati hata ndizi.

Hiki ndicho kitu ambacho sikukijua kabla ya kwenda. Sakai, anayefua hanoi. Kisu kinapelekwa nyumba nyingine, kwa mnoaji, ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya maisha. Nilimkuta mmoja ameketi chini mbele ya gurudumu kubwa la jiwe linalozunguka na maji, kisu amekibana kwenye kipande cha mbao, anakikandamiza kwa uzito wa mwili mzima. Kila baada ya muda anakiinua kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anakilaza na kukigonga kidogo kwa nyundo kukinyoosha, anarudi kwenye jiwe. Maji yaliyomzunguka yalikuwa ya kijivu. Unene wote ambao mhunzi aliuacha unaishia kwenye maji yale.

Kisha mkono wa tatu: mtia mpini. Mpini ni wa mti mwepesi wa jamii ya magnolia, na shingoni una pete ya pembe la nyati. Mkia wa kisu unapashwa moto, unasukumwa ndani ya tundu la mpini, mti unaungua kidogo na kuushika. Moshi ule niliujua. Ndivyo babu alivyokuwa anatia mpini kwenye jembe, mkia umewiva kwenye makaa, mti unalia, sisi watoto tumezibwa pua.

Jina lililochongwa kwenye ubapa, kwa njia, mara nyingi ni la mfanyabiashara anayewaunganisha hao watatu. Mhunzi mwenyewe unaweza usijue anaitwaje.

Wajapani wenyewe

Mwenyeji wangu wa Osaka, mama wa makamo aliyetualika chakula, alikuwa na santoku ya chuma kisichoshika kutu, ya kiwandani, imelala kwenye droo pamoja na vijiko. Santoku ndicho kisu cha nyumbani kwao, sentimita 16 hadi 18, kwa nyama, samaki na mboga. Kilienea katikati ya karne ya 20, kikichanganya kisu chao cha mboga na kile cha nyama kilichotoka kwenye visu vya Kizungu baada ya ulaji wa ng'ombe kuruhusiwa enzi za Meiji. Nilipomwambia naenda Sakai kununua kisu cha mkono aliuliza kama mimi ni mpishi wa hoteli.

Nikasema hapana.

Akacheka, akaniongezea wali.

Kwa hiyo mpishi wa nyumbani wa Tanga anakataa kisu hiki, na mpishi wa nyumbani wa Osaka naye hana haja nacho. Mashaka yangu yalifikia kilele hapo. Labda ni kitu cha mafundi wa sushi na watalii kama sisi, tunaotaka kurudi na kitu kizito kwenye begi.

Kinoo

Lililonigeuza ni jiwe.

Muuzaji alinifungia kisu, kisha akauliza kama nina jiwe la kunolea. Nikasema nyumbani yupo kaka wa baiskeli. Sikujua nitamwelezaje kwa ishara: yule anayepita mtaani asubuhi, anaisimamisha baiskeli kwenye stendi, anakanyaga pedali, gurudumu la kunolea linazunguka, cheche zinaruka. Nadhani alielewa cheche, maana alitikisa kichwa kwa nguvu. Chuma kigumu na chembamba namna ile kikipata joto la gurudumu kavu, ugumu wake unakimbia pale pale kwenye makali. Akaniletea kinoo cha namba 1000 (namba ni ya ulaini wa chembe zake), tofali la rangi ya kahawia, na kunionyesha kwa dakika chache.

Unalilowesha jiwe hadi liache kutoa mapovu. Unaliweka juu ya kitambaa chenye maji lisitembee. Unakilaza kisu, halafu unainua mgongo wake karibu sentimita moja, na pembe hiyo ndiyo utakayoilinda mpaka mwisho. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakaa juu ya makali, vinakandamiza ukiwa unasukuma, vinalegea ukivuta. Jiwe linatoa tope. Usilioshe, lile tope ndilo linalofanya kazi. Sauti yake ni nzito mwanzoni, kisha inakuwa nyepesi.

Baada ya muda pitisha kidole upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, siyo kwa urefu wa makali. Utakuta ukingo mdogo unaokwaruza, chuma kilichosukumwa kikajikunja upande wa huko. Macho hayauoni, kidole kinausikia. Kama haupo, hujafika. Kama upo toka kitako hadi ncha bila kukatika, geuza.

Miezi ya kwanza nilinoa kwa sababu kisu kilinilazimisha. Baadaye nikaanza kunoa kwa sababu nilitaka kusikia ile sauti ikibadilika. Na baada ya maneno ya shangazi nilipoanza kujiuliza kisu hiki ni cha nani, nikaona kwamba nilikuwa nikikosea mahali pa kutazamia. Nilikuwa naangalia nani anakitumia. Nilipaswa kuangalia nani anakinoa.

Kile kilichotoka kwenye nyumba tatu za Sakai hakikuwa kimekwisha. Makali ya mnoaji yalikaa wiki chache tu jikoni kwangu, yakaisha. Makali yaliyopo sasa ni yangu, na ni mabaya kuliko yake, yana tumbo kidogo karibu na ncha ambapo mkono wangu unachoka. Kwenye ile kazi iliyogawanywa, mnunuzi ndiye mkono wa nne. Mama wa Osaka hataki kuwa mkono wa nne, ana kazi nyingine, na kisu cha kiwandani kinamstahi. Fundi wa sushi ni mkono wa nne kila jioni baada ya wateja kuondoka. Kisu hiki ni cha mtu anayetaka kazi hiyo, awe na hoteli au asiwe nayo.

Hapo nikatulia kidogo.

Nikakinoa na kile cha sokoni

Ilibidi nijue. Nikakichukua kile cha mpini wa plastiki nikakilaza juu ya kinoo kile kile.

Kinanoleka upesi ajabu. Chuma chake ni laini, kinakubali kila unachokiambia. Kikakata nyanya bila kuibonyeza, karibu sawa na ndugu yake wa Sakai. Siku ya pili bado. Siku ya nne kikaanza kuteleza kwenye ganda. Kufika mwisho wa wiki kimerudi kule kule, kwenye ule ubutu wa kusimama kwenye ngozi.

Tofauti ya pesa iko hapo, na ni vizuri isemwe wazi: chuma kigumu hakiwi kikali kuliko laini siku ya kunoa. Kinakubali makali membamba zaidi bila kujikunja, na kinayashikilia. Vipimo vya ugumu vinaonyesha visu vingi vya Kijapani vikiwa juu ya 60 kwenye kipimo cha Rockwell, wakati vya Kijerumani viko 56 hadi 58. Na ugumu una bei yake. Laini ikikutana na mfupa inajikunja, unainyoosha. Ngumu ikikutana na mfupa inang'oka pengo.

Mdogo wangu alikitumia kukatia muhogo. Muhogo haukatwi, unapasuliwa, na mtu akiingiza kisu hukizungusha kidogo ili upasuke. Mapengo mawili, ya ukubwa wa punje ya mchele kila moja. Nilikaa na kinoo jioni nzima kuyamaliza.

Hewa ya Tanga nayo haina huruma. Kisu cha chuma cha kaboni ukikiacha na maji kwenye karai wakati unakwenda kufungua mlango, ukirudi kina madoa ya rangi ya chai. Ndimu kinaigeukia buluu. Kitunguu cha kwanza nilichokikatia kiliingia weusi na harufu ya msumari, mpaka uso wa chuma ulipojijengea ngozi yake ya kijivu na kutulia. Watu wanaokununulia kitu hiki kama zawadi ya harusi hawakwambii habari hizo.

Lakini kitunguu hicho hicho, kikilala kwenye ubao, kikikatwa kwa makali yangu yasiyo kamili, kinaanguka vipande vyembamba bila kupondeka, na macho hayawashi sana maana majimaji yanabaki ndani. Kibua kinapasuliwa tumbo kwa mkono mmoja mwepesi. Nanasi linavuliwa ganda. Kwa kazi hizo ninakitoa. Mchicha unakatwa kwa kile kingine, kiganjani, na dole gumba.

Mnaoniuliza niwaagizie nini

Mmekuwa wengi, basi nijibu mara moja.

Agiza jiwe. Namba 1000 inatosha nyumba nzima, na visu mlivyo navyo vitakuwa vipya kwa jioni moja. Ukijikuta mwezi wa tatu bado unanoa, na unasikitika kwamba makali hayakai, hapo ndipo chuma kigumu kitakuwa na maana kwako. Ukijikuta jiwe limegeuka kigingi cha kuzuia mlango, umeokoa zaidi ya shilingi laki mbili.

Visu vya mtandaoni vyenye mawimbi mazuri ubapani na maandishi ya Kijapani vitazame mara mbili. Mawimbi ni tabaka za chuma zilizobandikwa pande mbili za kile cha katikati, mara nyingi yanakuja tayari kutoka kiwanda cha chuma, na hayakati chochote. Maandishi mtu yeyote anaweza kuyachonga, popote.

Na kama unasafiri mwenyewe, kisu kiache kwenye boksi lake na risiti, kiende kwenye begi la kupakia. Sheria ya Japani inakataza kutembea na kisu chenye makali yanayozidi sentimita 6 bila sababu ya maana, na "nakwenda kuwaonyesha wenzangu wa kozi" sijui polisi ataipokeaje. Dukani utaulizwa mkono unaotumia, kwa sababu mipini mingine imechongwa kwa ajili ya kulia. Halafu utaulizwa nyumbani unakata nini zaidi. Hilo lijibu kwa ukweli. Ukisema samaki ili uonekane mtu wa maana, watakuletea deba, kisu kinene cha kutenganishia vichwa, kimenolewa upande mmoja tu, kizuri mno, na kila ukikata karoti kitakuwa kinakwenda upande.